Tukitoka Kashozi Kwenda Kaitaba

Ndugu msomaji, leo nakuomba tufunge safari hadi Kashozi, kaskazini ya mji wa Bukoba, katika Mkoa wa Kagera. Safari yetu ni ya kandanda, na huenda ukauliza imekuwaje tuanzie mahali pasipo na jukwaa la watazamaji wala timu iliyopata kutajwa katika Ligi Kuu. Sababu ni kwamba uwanja wa Kaitaba ulioko mjini hujazwa na watu wa mahali kama hapa, na klabu ya Kagera Sugar, ambayo ndiyo habari yetu, haieleweki kwa kuhesabu mabao peke yake. Ni klabu ya kiwanda. Kiwanda chenyewe kiko mbali, huko Misenyi, ng'ambo ya Mto Kagera, na mtu wa Kashozi hapandi hata muwa mmoja wa kukipelekea. Wachezaji wake wengi hutoka mikoa mingine. Lakini siku timu hiyo inapofungwa, mtu huyu wa Kashozi hula chakula chake cha jioni kimya kimya kana kwamba amefiwa. Hilo ndilo ninalotaka tulifuate, polepole, mpaka tulipate au lituchoshe.

Jina la Kashozi kwa lugha ya Kihaya lina maana ya kilima kidogo. Mwaka 1892 Askofu Jean-Joseph Hirth na Mapadre Weupe wenzake, waliokuwa wamekimbia vita vya madhehebu katika Buganda, walifungua hapa misheni ya kwanza ya Kikatoliki katika nchi ya Wahaya, nayo ikaitwa kwa Kijerumani Marienberg, yaani Mlima wa Maria. Kwa miaka karibu 15 kanisa la Kashozi lilihifadhi pia mwili wa Laurean Kardinali Rugambwa, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kupewa ukardinali, mwaka 1960. Alifariki Desemba 1997, na mwili wake ukakaa Kashozi hadi Oktoba 2012 ulipohamishiwa katika kanisa kuu la Bukoba. Kwa hiyo usiwadhanie watu wa hapa kuwa ni wa pembezoni. Wamezoea kupokea mambo makubwa na kuyatunza.

Ukitazama nchi yenyewe utaona vitu viwili vinavyopokezana. Kwanza kuna kibanja, yaani shamba la nyumbani, migomba imesimama kama paa la pili juu ya nyumba, chini yake mibuni, na chini ya mibuni maharage. Udongo wa kibanja ni mweusi, kwa maana umelishwa samadi na majani kizazi baada ya kizazi. Ukitoka nje ya migomba unaingia ghafla katika rweya, uwanda wa nyasi wenye udongo mchanga usiokubali mazao kwa urahisi. Rweya ni ya malisho, ya kukatia nyasi za kuezekea na za kutandaza ndani ya nyumba, na kwa watoto wa kiume ni uwanja wa kandanda usiohitaji kibali cha mtu yeyote. Mpira hufungwa kwa majani makavu ya mgomba na kukazwa kwa kamba za mgomba huo huo. Mgomba, kwa kweli, humpa Mhaya kila kitu isipokuwa sukari. Ukimkuta kijana ambaye miguu yake haiogopi kisiki wala shimo, ujue amekulia rweya.

Usikatae utakachopewa ukifika nyumbani kwa mtu. Kwanza utaletewa akamwani, buni zilizochemshwa na kukaushwa, ambazo hutafunwa na ndizo alama ya kwamba umepokewa. Halafu itakuja ndizi iliyopikwa na maharage, au na samaki wa ziwani. Kama ni msimu wa senene, hasa kuanzia Novemba, hutaondoka bila kuwaonja. Mazungumzo yatageukia kandanda kabla hujamaliza kunawa mikono. Wazee watakutajia RTC Kagera, timu ya Kampuni ya Biashara ya Mkoa, ya enzi zile ambapo karibu kila timu ya mikoani ilibeba jina la shirika la umma. Vijana watakutajia Kagera Sugar. Utagundua kwamba wote wawili wanasema habari moja: katika mkoa huu timu kubwa imekuwa daima ya mwajiri, na upenzi umekuwa wa wananchi. Mwajiri hutoa mshahara, basi na jezi. Wananchi hutoa sauti zao.

Basi tushuke mjini. Waliotutangulia walikwenda kwa miguu; siku hizi ipo mikweche ya abiria, na pikipiki ambazo dereva wake hukuhakikishia kuwa nafasi ya mtu wa tatu ipo. Njia hupita katikati ya vibanja na rweya, kisha ardhi hukatika kama ukingo wa meza, na chini yake unaiona Bukoba imekaa kati ya ukuta wa mlima na Ziwa Viktoria. Mji huu ulianza kuwa kituo cha Wajerumani mwaka 1890, alipofika Emin Pasha. Mvua yake ni maarufu: kwa mwaka hunyesha takriban milimita 2,000, nayo haichagui siku ya mechi. Nimeitaja mvua si kwa kupamba maneno. Ndiyo iliyoupa uwanja wa Kaitaba tabia yake kwa miaka mingi, uwanja wa matope na majani mazito, ambako timu za Dar es Salaam zilizozoea kupiga pasi fupi fupi zilijikuta zikitafuta viatu vyao.

Uwanja huo ni mali ya Halmashauri ya Manispaa ya Bukoba. Uko ndani ya mji, si mbali na ziwa, na hauna fahari ya kumshangaza mgeni. Lakini hebu tusimame kidogo tueleze timu inayoutumia, maana mgeni akisikia neno Sugar hudhani ni jina la utani.

Kiwanda cha sukari cha Kagera kimo katika ardhi ile ambayo majeshi ya Idi Amin yaliivamia mwishoni mwa Oktoba 1978. Msomaji wa umri wa makamo hahitaji kukumbushwa: sehemu yote ya nchi yetu iliyo kaskazini ya mto ilitwaliwa, daraja la Kyaka likavunjwa, ng'ombe na mali zikaporwa, na wananchi wakakimbilia kusini wakiwa na kile walichoweza kubeba. Mwaka 1979, baada ya ushindi, Mkoa wa Ziwa Magharibi ukabadilishwa jina ukawa Kagera. Kiwanda chenyewe kilipita katika neema na dhiki, kikabinafsishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na uzalishaji ukafufuka. Timu yake nayo ikapanda, na katikati ya muongo huo ikawa imekwisha kujipatia nafasi katika Ligi Kuu, mahali ambapo ingekaa kwa takriban miaka 20.

Miaka 20, ndugu msomaji, si mchezo. Kutoka Bukoba hadi Dar es Salaam kwa barabara ni takriban kilometa 1,400. Timu ya Dar es Salaam hufunga safari hiyo mara moja kwa msimu na kurudi ikilalamika. Timu ya Bukoba hufunga safari za aina hiyo muda wote: Mbeya, Mtwara, Tanga, Morogoro. Mchezaji wake hutumia sehemu kubwa ya ujana wake ndani ya basi, miguu imevimba, akipita Biharamulo usiku na kuamkia Singida. Zamani ilikuwapo njia ya meli kutoka Kemondo na Bukoba hadi Mwanza, nayo ina kumbukumbu yake ya huzuni, kwa kuwa MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996, ikiwa karibu kufika Mwanza, na mamia ya watu wakapotea. Sijui kama wapo wapenzi wa kandanda wa pwani wanaoyafikiria haya wanapoitazama timu ya mkoani ikichoka dakika ya 70.

Mambo yakawa magumu zaidi pale uwanja wa Kaitaba ulipofungwa ili utandikwe nyasi za bandia, kwa msaada wa Shirikisho la Kandanda Duniani, FIFA, na chini ya usimamizi wa TFF. Kazi ilichukua muda mrefu kuliko wananchi walivyotarajia. Kagera Sugar ikawa timu isiyo na nyumba. Michezo yake ya nyumbani ikachezwa Mwanza, Shinyanga na Tabora, mbele ya watu ambao hawakuwa na sababu ya kuishangilia. Mtu wa Kashozi akarudi kwenye redio. Alikuwa na timu katika Ligi Kuu, lakini aliisikia kama anavyosikia habari za timu ya nchi nyingine.

Ndipo ukaja msimu wa 2016/2017, na hapa naomba tukae kitako, kwa kuwa sidhani kama upo msimu mwingine wenye mambo mengi kiasi hiki katika historia ya kandanda ya mkoa huu.

Agosti 2016 ligi ilirudi Kaitaba. Nyasi zilikuwa za kijani hata mvua iponyesha, jambo ambalo peke yake lilikuwa tamasha. Kabla watu hawajazoea, Jumamosi ya Septemba 10, saa 9 na dakika 27 alasiri, ardhi ikatetemeka. Lilikuwa tetemeko la ukubwa wa 5.9, na katika nchi ambayo watu hawakuwa wamezoea hata kulitaja neno hilo, liliua watu 17, likajeruhi mamia, na kuangusha nyumba maelfu. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato, ambazo zimesomesha wakubwa wengi wa nchi hii, ziliharibika hata zikafungwa. Watu walilala nje ya nyumba zao, chini ya migomba, kwa kuwa mgomba ukikuangukia hauui. Na miili ya marehemu ilipotakiwa kuagwa pamoja, mahali palipoonekana kuwa pana nafasi ya kuwatosha wafiwa wote ni Kaitaba. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifika hapo kuomboleza na wananchi. Majeneza yakawekwa katika uwanja ambao ligi ilikuwa imeurudia mwezi mmoja tu uliopita.

Baada ya hapo ilibidi mpira uchezwe. Huenda msomaji ataona ni jambo dogo. Lakini fikiria mtu ambaye ukuta wa nyumba yake una ufa wa kupitisha mkono, anakwenda uwanjani Jumamosi, anakaa mahali ambapo wiki chache tu zilizopita alimwaga machozi, na anasimama kumlaumu mwamuzi. Mimi naona kuwa mtu huyo alikuwa ameanza kupona.

Oktoba 22 wakaja Yanga. Wakaifunga Kagera Sugar mabao 6 kwa 2, pale pale nyumbani. Wapo waliosema kuwa nyasi za bandia zimewapendelea wageni, kwa vile matope yamekwisha. Mabao sita ni mabao sita. Usahaulifu hauwezi kuyafuta, nasi hatuna haja ya kuyaficha. Lakini kocha Mecky Mexime na vijana wake hawakuvunjika. Walijikusanya, wakaanza kuokota pointi moja moja na tatu tatu, na ilipofika Aprili 2, 2017, Simba walikuja Kaitaba wakiwa wanauwania ubingwa. Wakaondoka wamefungwa 2 kwa 1.

Kilichofuata kilizungumzwa nchi nzima. Simba walipeleka malalamiko wakidai kuwa beki mmoja wa Kagera Sugar alicheza ilhali alikuwa na kadi tatu za njano, hivyo hakustahili kuwamo. Kamati ya saa 72 ya ligi ikawapa Simba pointi tatu za mezani. Kagera Sugar hawakuridhika, wakapinga, na kabla Aprili haijaisha kamati nyingine ya TFF ikaubatilisha uamuzi ule na pointi zikarudi Bukoba. Simba wakatishia kwenda FIFA. Magazeti yaliuza sana wiki zile.

Sasa tazama jinsi hesabu ilivyokuja kukaa. Msimu ulipokwisha, Yanga walikuwa na pointi 68 na Simba walikuwa na pointi 68. Yanga wakatwaa ubingwa kwa tofauti ya mabao. Pointi tatu za Kaitaba zingalibaki Msimbazi, kombe nalo lingalikwenda Msimbazi. Na katika ile tofauti ya mabao iliyowapa Yanga kombe yamo pia yale mabao sita ya Oktoba, ingawa hayakuwa peke yake yaliyoamua. Kwa maneno mengine, ubingwa wa nchi ulipita mara mbili katika uwanja huu mdogo ulio karibu na ziwa. Kagera Sugar wenyewe walimaliza wa tatu kwa pointi 53, pointi moja tu juu ya Azam, klabu yenye fedha ambazo mtu wa mikoani huzisikia kama hadithi. Zile pointi tatu zingaliondolewa, wangalikuwa wa nne. Hayo yalifanyika katika mwaka wa tetemeko, na timu iliyokuwa imetoka kuhangaika Tabora na Shinyanga.

Mwaka uliofuata kulikuwa na siku moja ambayo watu wa Kagera huisimulia kuliko ile nafasi ya tatu. Mei 19, 2018, Simba walikuwa wamekwisha kuwa mabingwa bila kufungwa mchezo hata mmoja. Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, ulijaa watu waliokuja kuona kombe likikabidhiwa na Rais John Magufuli mwenyewe. Aliyealikwa kuwa kafara wa sherehe alikuwa Kagera Sugar. Zikiwa zimebaki dakika chache, Edward Christopher akafunga bao. Halafu Simba wakapata penalti, na mpigaji akawa Emmanuel Okwi, mshambuliaji ambaye msimu ule hakuwa akikosea mara nyingi. Langoni alikuwa Juma Kaseja, aliyeilinda milango ya Simba na ya Taifa Stars kwa miaka mingi, na ambaye wengi walidhani amekwenda Bukoba kumalizia uzee wake wa kandanda. Kaseja akaipangua. Mabingwa wakapokea kombe lao wakiwa wamefungwa 1 kwa 0, na rekodi yao ya kutofungwa ikazikwa mbele ya Rais.

Huko Ujerumani ipo klabu ya Bayer Leverkusen, iliyoanzishwa mwaka 1904 na wafanyakazi wa kiwanda cha dawa, ambayo nayo ilidharauliwa kwa kuwa ni ya kiwanda, hadi ilipotwaa ubingwa wa nchi yake msimu wa 2023/2024 bila kufungwa. Kagera Sugar hawakupata ubingwa wa namna hiyo. Wao waliwazuia wengine kuupata, na kwa tabia za mkoa huu sina hakika kama furaha ya pili ni ndogo kuliko ya kwanza.

Lakini msomaji mwangalifu atakuwa amekwisha kuuona ugonjwa. Timu iliyozoea kuinuka mbele ya wakubwa husahau kuinuka siku ya kawaida. Msimu wa 2018/2019 uliuonyesha ugonjwa huo waziwazi. Simba walikuwa wamefika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika. Wakatolewa na TP Mazembe mjini Lubumbashi Aprili 13, na wiki moja baadaye walikuwa Kaitaba, ambako walifungwa 2 kwa 1. Mei, timu hizo zikakutana tena Dar es Salaam, na Kagera Sugar wakashinda tena, 1 kwa 0. Walimfunga bingwa wa nchi nyumbani na ugenini katika msimu mmoja. Na msimu huo huo wakamaliza katika nafasi za mchujo, wakalazimika kucheza na Pamba ya Mwanza ili wasishuke daraja. Walinusurika. Sikumbuki kama nimepata kuona timu nyingine yenye uso wa namna hiyo, upande mmoja simba, upande mwingine paka aliyenyeshewa.

Sababu si ngumu kuiona. Mchezo na Simba au Yanga hujaza Kaitaba. Watu hushuka kutoka Kashozi, Kanyigo, Kamachumu na Muleba, na vijana wa timu hucheza mbele ya mkoa mzima. Mchezo na timu nyingine hauna watu. Na wengi katika wale wanaojaza uwanja siku ya Simba au Yanga, tuseme kweli, wamevaa jezi nyekundu au za kijani na njano. Mtu wa Kashozi huipenda Kagera Sugar kama mtoto wa nyumbani, lakini Simba na Yanga amezichukua kama dini. Mtoto wa nyumbani hupewa kilichobaki. Nami siwalaumu watu wa Kagera peke yao, kwa kuwa hali ni hiyo hiyo Mbeya, Tanga na Mwanza, ila huku madhara yake yalionekana mapema.

Kaitaba iliitwa tena kwa kazi yake nyingine. Asubuhi ya Jumapili, Novemba 6, 2022, ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani ikiwa inakaribia kutua Bukoba, katika mvua na ukungu. Walikuwamo watu 43, na 19 wakafariki. Wavuvi walifika kwa mitumbwi yao kabla ya mtu mwingine yeyote, wakaokoa waliookolewa. Siku iliyofuata majeneza yakapangwa tena Kaitaba, na Waziri Mkuu Majaliwa akasimama tena hapo, kama alivyosimama mwaka 2016, kuwaaga marehemu pamoja na wananchi. Viwanja vingi vya nchi hii vina historia ya mikutano na ya makombe. Ni vichache vilivyogeuzwa mara mbili, katika muda wa miaka sita, kuwa ua wa matanga wa mkoa mzima.

Ndiyo maana nilikuomba tuanzie Kashozi. Ukimwuliza mtu wa huko kwa nini anaumia timu ya kiwanda cha watu wengine inapofungwa, hatakujibu kwa habari za sukari. Atakutajia uwanja. Kiwanda kina hati za timu, manispaa ina hati za uwanja, naye ana kumbukumbu ya mahali alipokaa siku ya bao la pili dhidi ya Simba na mahali aliposimama siku ya majeneza, na huenda palikuwa ni hatua chache tu kati yake.

Kisha ukafika msimu wa 2024/2025, na Kagera Sugar wakashuka daraja. Waliondoka pamoja na KenGold ya Chunya. Hapakuwa na tetemeko wala nyasi za kutandikwa safari hii. Palikuwa na pointi tu ambazo hazikupatikana siku za kawaida. Katika miezi ya mwisho aliyesimama kwenye benchi la ufundi ni yule yule Juma Kaseja, na penalti ya Okwi haikuweza kumsaidia. Pamba ya Mwanza, ambao mwaka 2019 walizuiwa mlangoni na Kagera Sugar, walikuwa wamekwisha kurudi Ligi Kuu kwa jina la Pamba Jiji, nao msimu ule walibaki.

Kushuka kwa timu ya kiwanda kuna hatari yake ya pekee. Timu ya wanachama ikishuka, wanachama hugombana, huchanga, na huendelea. Timu ya mwajiri ikishuka, hatima yake huandikwa katika daftari la matumizi. RTC Kagera haipo tena kwa sababu hata hizo kampuni za biashara za mikoa hazipo tena. Nduguye Kagera Sugar kwa kazi, Mtibwa Sugar ya Morogoro, bingwa wa nchi mwaka 1999 na 2000, alishuka mwaka 2024, na watu wakamwandikia tanzia. Mwaka 2025 akapanda tena. Habari hiyo ilipokewa Bukoba kwa makini kuliko ilivyopokewa Morogoro.

Ukipata nafasi ya kwenda, usiingoje siku ya Simba au ya Yanga. Nenda siku ya mchezo usio na jina. Chukua mwavuli hata kama mbingu ni nyeupe. Fika mapema kabla ya saa 10 jioni, nunua kahawa na kashata kwa wale vijana wanaopita na birika, na ukae mahali ambapo upepo wa ziwa unakupiga usoni. Safu zitakuwa na nafasi nyingi. Karibu nawe watakuwapo wazee wawili watatu waliotoka mbali, wenye redio ndogo ingawa mchezo uko mbele yao, kwa kuwa wamezoea kuusikia mchezo kabla ya kuuona. Wasalimie, wasogezee mwavuli mvua ikianza, na uwaache wakueleze wenyewe ni nani anayepaswa kucheza namba 10.